Mlio usiku ukiwa ndani ya nyumba: kwa nini sikio hukosea, na ufanye nini

Mara kwa mara simu ya studio yetu hupokea ujumbe wa aina moja kabla hakujapambazuka. Msikilizaji mmoja anaandika: "Jamani, huku kuna risasi." Mwingine wa mtaa wa pili anasema ni tairi la lori la makaa ya mawe limepasuka barabarani. Wa tatu anasema ni transfoma. Wote wamesikia mlio uleule, wote walikuwa ndani wamelala, na kila mmoja ana uhakika na alichosikia.

Katika makala haya tunaeleza kwa nini watu watatu wanaweza kusikia mlio mmoja na kuelewa mambo matatu tofauti. Hatuelezi kwa ajili ya kupamba mazungumzo. Afrika Mashariki watu wamekufa kwa kukosea hapo, wengine kwa kudhani ni risasi wakati sio, wengine kwa kutojua kwamba risasi ziko karibu. Tunachotaka ubaki nacho ni hiki: ukiwa ndani ya nyumba, sikio lako haliwezi kukuhakikishia ni mlio wa nini wala umetoka upande gani. Kwa hiyo chagua tendo ambalo litakufaa vyovyote iwavyo.

Alfajiri ya Kikuyu

Tuanze na Kenya, mwaka 2015. Tarehe 2 Aprili mwaka huo wapiganaji wa al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri, wanafunzi wengi wakiwa bado kwenye mabweni. Watu 148 waliuawa. Nchi nzima ilibaki na hofu, na waliokuwa na hofu kuliko wote ni wanafunzi wa vyuo vingine waliolala kwenye mabweni yanayofanana na yale.

Siku kumi baadaye, Jumapili tarehe 12 Aprili, kabla ya jua kuchomoza, hitilafu ya umeme ilisababisha milipuko katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Hapakuwa na bunduki hata moja. Lakini wanafunzi walioamshwa na milio ile ndani ya vyumba vya ghorofa walisikia jambo moja tu: Garissa imefika kwetu. Wakakanyagana kwenye ngazi, wengine wakaruka kutoka madirishani na kwenye roshani. Mwanafunzi mmoja alikufa na wengine zaidi ya 100 waliumia.

Mwaka huohuo, tarehe 30 Novemba, Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi kilifanya zoezi la kujiandaa na shambulio. Milio ya bunduki ilisikika ndani ya majengo. Wengi hawakujua kuwa ni zoezi, au walijua na kusahau pale mlio ulipopiga. Watu waliruka kutoka juu. Mfanyakazi mmoja alifariki kwa majeraha, na makumi wakaumia.

Angalia matukio haya mawili kwa utulivu. Kikuyu hapakuwa na risasi kabisa. Strathmore hapakuwa na adui. Kilichoua ni uamuzi uliofanywa ndani ya sekunde chache na mtu aliyeamini kwamba sikio lake limemwambia ukweli wote.

Mlio ukiingia ndani unafanya nini

Sisi tunaofanya kazi redioni tunaishi na jambo hili kila siku. Kuta za studio yetu zimefunikwa sponji. Ukizungumza humo, sauti inatoka mdomoni, inafika kwenye kipaza sauti, inakwisha. Nenda kazungumze kwenye chumba kipya cha saruji ambacho hakijaingizwa hata kiti, utasikia sauti yako inakurudia kutoka kila upande. Sponji, godoro, mapazia na nguo hunywa sauti. Saruji, vigae, kioo na bati huirudisha.

Sauti husafiri hewani kama mita 340 kwa sekunde moja. Kwenye chumba chenye upana wa mita nne, maana yake inaweza kuvuka kutoka ukuta hadi ukuta zaidi ya mara 80 ndani ya sekunde moja. Bunduki ikifyatuliwa ndani ya chumba cha namna hiyo, mlio mmoja unarudi na kurudi hadi unakuwa mngurumo. Kwa kawaida mlio wa bunduki karibu na mpigaji unazidi desibeli 140, na kiwango hicho kinaweza kuharibu usikivu kwa mlio mmoja tu. Mtu aliyekuwa chumbani humo anaweza kubaki masikio yanavuma, asisikie sawasawa maneno wala milio inayofuata.

Sasa tuseme wewe uko nyumba ya pili. Ukuta hauzuii sauti zote kwa usawa. Ile sehemu kali ya mlio, ule mkwaruzo wa "ta!" unaotutambulisha bunduki, huzuiwa zaidi. Sehemu nzito, ile ya "pu", hupenya. Kwa hiyo risasi iliyopigwa ndani ya nyumba ya jirani inaweza kukufikia kama mlango uliobamizwa, au gunia lililoangushwa. Na tairi lililopasuka nje, upande ulio na dirisha wazi, linaweza kukufikia kali kuliko risasi ile. Ndiyo maana tunasema ukali wa mlio si kipimo cha kuaminika.

Upande wa kutokea ni tatizo jingine. Masikio mawili hutambua upande kwa sababu sauti hufika sikio moja kabla ya jingine, kwa tofauti iliyo chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Nje, uwanjani, kazi hiyo inafanyika vizuri. Ndani ya nyumba, sauti ya nje haiji moja kwa moja. Inaingia kupitia dirisha, uwazi chini ya mlango, au nafasi kati ya ukuta na bati pale kwenye upenu. Kichwa chako kinafuata sauti iliyotangulia kufika, kwa hiyo utaapa kwamba mlio umetoka upande wa dirisha, hata kama aliyepiga yuko nyuma ya nyumba.

Kuna jambo la tatu ambalo wengi hawalijui. Bunduki ya kivita hutoa milio miwili. Wa kwanza ni mlipuko kwenye mdomo wa bunduki. Wa pili unatokana na risasi yenyewe, maana risasi ya bunduki kama AK-47 hutoka kwa mwendo wa karibu mita 700 kwa sekunde, yaani mara mbili ya mwendo wa sauti. Inapasua hewa na kuacha mlio kama wa kiboko njia nzima inayopita. Mtu aliye karibu na njia hiyo husikia kwanza ule wa risasi, kisha ule wa bunduki. Sikio lake linamwelekeza risasi ilikopita, wala si alikosimama mpigaji. Na risasi moja kwake inakuwa mbili.

Milima ya Umatengo na maji ya Nyasa

Kwa wasikilizaji wetu wa Mbinga, milima inaongeza hesabu nyingine. Nyumba nyingi za Umatengo ziko kwenye miteremko inayotazamana. Mlima ulio mita 340 mbele yako hurudisha mwangwi baada ya sekunde mbili: moja ya kwenda, moja ya kurudi. Mlima wa pili ulio nyuma yake unarudisha baadaye kidogo. Mlio mmoja wa gobore la mtu anayefukuza nguruwe pori shambani unaweza kusikika mara tatu. Aliye ndani anasema, "Walikuwa wengi, wanajibizana."

Kwa wasikilizaji wa Mbamba Bay, Liuli, Lituhi na vijiji vya ufukweni, maji na usiku vina kazi yake. Mchana ardhi ikipata joto, sauti hupinda kwenda juu na kupotea. Usiku, hewa ya chini ikipoa kuliko ya juu yake, sauti hupinda kurudi chini na kusafiri mbali. Wavuvi wanalijua hili bila kufundishwa darasani: usiku ulio shwari unaweza kusikia mazungumzo ya mtumbwi ambao huuoni. Kwa sababu hiyohiyo, mlio wa mbali sana usiku unaweza kukufikia kana kwamba umetokea uani kwako. Mvua ikiwa juu ya bati, mambo yanageuka. Hapo hata mlio wa karibu unaweza kukupita.

Na vyanzo vya milio huku kwetu ni vingi. Yapo matairi ya malori, yapo mafataki ya sikukuu. Zipo transfoma, maana umeme wa REA umefika vijiji vingi ambavyo miaka ya nyuma vilikuwa gizani. Na pale tembo wanapoingia mashambani, askari wa wanyamapori huwafukuza kwa mabomu baridi. Lakini majambazi wenye silaha nao wapo nchini, na hofu hiyo hupanda wakati wa msimu wa kahawa, fedha zinapoonekana mikononi mwa watu. Kwa hiyo hatuwezi kukuambia kwamba kila mlio ni tairi. Huo ungekuwa uongo wa hatari.

Kosa la upande wa pili

Kosa la Kikuyu lilikuwa kuona risasi pasipo na risasi. Lipo kosa la kinyume chake, na mfano wa zamani kabisa uko hapahapa ufukweni kwetu.

Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilifika Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen. Meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Waingereza wakapiga mzinga. Kapteni wa Kijerumani alikuwa hajapata habari kwamba vita imeanza Ulaya, na kapteni wa Gwendolen alikuwa rafiki yake. Akapanda mashua kwenda kumlalamikia, akidhani rafiki yake amelewa au anafanya mzaha. Akachukuliwa mateka. Sikio la kapteni yule halikuwa na kasoro. Mlio aliusikia vizuri. Lakini kichwa chake kilikuwa na maelezo tayari, kikauvalisha mlio maelezo hayo.

Wanafunzi wa Kikuyu nao walikuwa na maelezo tayari: Garissa. Hapo ndipo makosa haya mawili yanapokutana. Mlio wa ghafla hauna maana peke yake. Maana huletwa na kile ulichokuwa unakitarajia au kukiogopa kabla ya mlio.

Anayedhani si hatari, au anayedhani hatari iko mbali, hufanya jambo ambalo wengi wetu hulifanya: anakwenda dirishani. Anafungua mlango achungulie. Anatoka na simu arekodi. Tarehe 30 Machi 2020, wakati polisi wa Kenya wakisimamia marufuku ya kutoka usiku, mtoto wa miaka 13 alikuwa kwenye roshani ya ghorofa nyumbani kwao Kiamaiko, Nairobi, akitazama yaliyokuwa yakiendelea chini. Risasi ilimpata hapo, akafa. Hakuwa barabarani. Alikuwa nyumbani kwao.

Garissa inatufundisha pia kwamba hata aliyejificha vizuri hawezi kujua kwa sikio nani anapiga. Msichana mmoja alikaa ndani ya kabati siku mbili. Walipofika waokoaji, aliogopa kutoka, maana kutoka ndani ya kabati sauti ya askari na sauti ya muuaji hazina tofauti. Ilibidi aletwe mtu anayemfahamu ndipo akaamini.

Sikio linapopanda kizimbani

Mlio ukishapita, lipo suala jingine: ulisikia nini? Swali hilo polisi watakuuliza, na pengine mahakama.

Kesi iliyoonyesha ugumu wake kuliko nyingi ni ya Afrika Kusini. Alfajiri ya tarehe 14 Februari 2013, mwanariadha Oscar Pistorius alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo nyumbani kwake Pretoria, akamuua mpenzi wake, Reeva Steenkamp, aliyekuwa ndani ya choo hicho. Baadaye alivunja mlango huo kwa gongo la mchezo wa kriketi. Majirani walisikia milio kwa mafungu mawili, na wakasikia mayowe. Je, risasi zilikuwa fungu la kwanza au la pili? Swali hilo lilikuwa zito, kwa sababu kama mayowe ya mwanamke yalitangulia risasi, mpigaji alijua anampiga nani.

Majirani hawakuwa waongo. Walikuwa watu waliolala vyumbani mwao, wengine zaidi ya mita 100 kutoka pale, wakaamshwa na milio iliyopita kwenye kuta na madirisha. Jaji Thokozile Masipa, mwaka 2014, aliona kwamba kumbukumbu za namna hiyo zinaweza kukosea, akategemea zaidi rekodi za simu, ambazo zilionyesha nani alimpigia nani na saa ngapi. Kwa kufuata saa hizo, alikubali kwamba milio ya fungu la pili ilikuwa ya gongo kwenye mlango. Alimtia hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia. Desemba 2015 Mahakama ya Rufani ilibadili hukumu hiyo kuwa mauaji ya kukusudia, kwa sababu nyingine kabisa: mtu anayefyatua risasi nne kwenye mlango wa chumba kidogo anajua kwamba aliye nyuma yake anaweza kufa. Hapo hapakuhitajika sikio la mtu yeyote.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ushahidi inataka jambo lililosikika lielezwe na yule aliyelisikia mwenyewe. Na tangu mwaka 1980 Mahakama ya Rufani imekuwa ikionya kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho katika mazingira magumu, kama usiku, upimwe kwa makini sana. Kama jicho linaonywa hivyo, sikio lililoko ndani ya nyumba, nyuma ya ukuta, lina sababu zaidi ya kujinyenyekeza. Maana ushahidi wa kubahatisha unaweza kumfunga kijana asiye na hatia, au kumwachia mwenye hatia.

Ufanye nini

Ukisikia mlio mkali usiku ukiwa ndani, tendo linalofaa vyovyote iwavyo ni hili: shuka chini, lala sakafuni, waite watoto nao walale, kaeni mbali na dirisha na mlango. Kama ilikuwa tairi, umepoteza dakika tano za usingizi. Kama ilikuwa risasi, umejiokoa. Usikimbilie mlangoni, usiruke, usichungulie.

Usitegemee mlango wa mbao, bati, kabati wala godoro kuzuia risasi. Tumeona Pretoria mlango ulifanya nini. Ukuta wa matofali unafaa zaidi, na kuta mbili kati yako na nje ni bora kuliko moja. Kwenye nyumba nyingi zetu, sehemu hiyo ni ukumbi wa katikati ya vyumba. Ukiona moshi au moto, hapo mambo yamebadilika: toka, kwa utaratibu, mkiwa mmeinama.

Zima taa, punguza mlio wa simu. Piga namba 112 ya polisi, au 114 kama ni moto, kisha mjulishe mwenyekiti wa kitongoji. Waambie ulichosikia, usiwaambie ulichokisia. "Nimesikia milio mitatu, saa tisa kasoro dakika kumi, nilikuwa chumbani, dirisha limefungwa" ni taarifa. "Majambazi wamevamia kwa fulani" ni uvumi mpaka uthibitike. Angalia saa ya simu mara moja na uiandike, kwa sababu kama kesi ya Pretoria ilivyoonyesha, saa haina woga na haisahau. Andika pia milio mingapi, na kama palikuwa na nafasi kati yake. Fanya hivyo kabla hujazungumza na jirani, maana mkishazungumza, masikio yenu yatakuwa yamesikia kitu kimoja.

Usirushe kwenye makundi ya WhatsApp jambo ambalo hujalithibitisha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu usambazaji wa taarifa za uongo. Lakini hata bila sheria, ujumbe mmoja saa tisa usiku unaweza kuamsha kijiji kizima kikatoka na mapanga gizani.

Kwa shule za bweni, na mkoa wetu unazo nyingi, tuna maneno ya ziada. Mabweni yetu mengi yana nondo madirishani, hivyo wanafunzi hawawezi kuruka kama Kikuyu. Lakini watakanyagana mlangoni, na mlango uliofungwa kwa kufuli nje ni hatari zaidi, hasa moto ukitokea. Patroni na matroni wawafundishe watoto mchana kweupe: mlio ukipiga, lala chini, subiri sauti ya mlezi unayemfahamu. Wakubaliane namna mlezi atakavyojitambulisha. Zoezi lifanyike kwa maneno na vitendo, na kila mtu ajue mapema kuwa ni zoezi. Strathmore imeshatuonyesha gharama ya kulifanya kwa milio ya ghafla.

Wazazi, mkienda kwenye kikao cha shule, ulizeni swali moja tu: usiku ufunguo wa bweni unakaa kwa nani, na anafika mlangoni kwa dakika ngapi? Mkipata jibu, tutumieni. Tutalisoma hewani, bila kutaja shule, ili wengine nao wakaulize.